Kabla ya kununua karata za plastiki: mambo ya kuzingatia zisije zikapinda

Karata za plastiki zikiwa nzuri huzishinda za karatasi kwa mbali: hazinyonyi jasho la mikono, chai ikimwagika unafuta unaendelea, na kona zake hazichaniki. Kinachowakera wenye nazo ni kupinda. Mtu katoa hela ambayo ingemtosha kununua karata za karatasi za mwaka mzima, kafungua kasha, kaziweka mezani, anaona katikati pameinuka na ncha mbili ndizo zinazogusa meza. Kabla hujafika huko, na kabla hujamrudia muuzaji kwa hasira, yapo mambo ya kujua.

Kwanza ujue ni kupinda kupi kunakodhuru. Pakiti nzima ikipinda upande mmoja, kwa kiasi kilekile, bado inachezeka. Karata moja ikipinda peke yake, hiyo tayari ni alama. Wanaocheza poka, au wahedi na sitini barazani, hawahitaji kuona uso wa karata. Mwenye jicho akishatambua kwamba iliyobenuka ni saba ya kopa, ataifuata kila inakogawiwa. Kwa hiyo usiulize kama pakiti imenyooka kabisa, maana ni chache zinazonyooka kabisa. Uliza kama karata zote 52 zinafanana.

Jambo la pili ni malighafi, na hapa wengi hupigwa. Boksi likiandikwa "plastic coated", hiyo ni karatasi iliyopakwa plastiki juu, nayo maji yakipenya pembeni inavimba kama karatasi nyingine yoyote. Tafuta iliyoandikwa "100% plastic". Hata hapo bado hujamaliza, kwa sababu kuna plastiki na plastiki. Karata za chapa ya KEM ya Marekani ni za asetati ya selulosi, yaani plastiki inayotokana na nyuzi za miti au pamba, jamaa ya ile ya fremu za miwani. Copag, kampuni iliyoanza São Paulo, Brazili, mwaka 1908, karata zake za plastiki ni za PVC, jamaa ya plastiki ya mabomba ya maji. (Wanaobishana ipi ni bora huenda hawajui kwamba leo chapa zote mbili ziko chini ya kampuni ya Cartamundi ya Ubelgiji.) Tofauti yake kwetu ni hii: asetati hunywa unyevu, PVC karibu hainywi. Asetati inateleza vizuri mkononi na inarudi upesi ukiikunja, lakini hewa ikibadilika nayo inabadilika. PVC haijali unyevu, ila joto ndilo adui yake.

Ukiwa na asetati pwani, angalia karata ya juu. Iache pakiti mezani usiku kucha wakati wa masika, dirisha wazi, asubuhi utaikuta ya juu imebenuka katikati huku zilizo chini yake zimetulia. Sababu ni kwamba uso wake wa juu umekunywa unyevu na kutanuka, wa chini umezibwa na wenzake. Ukifanya hivyohivyo kwenye chumba chenye kiyoyozi, mambo yanageuka: uso wa juu unakauka na kusinyaa, kisha kingo ndizo zinazonyanyuka. Ndiyo maana karata zilizoletwa na jamaa kutoka Muscat au Dubai, zilizokaa dukani kwenye kiyoyozi miezi yote hiyo, hupinda zikifika Unguja au Mombasa ingawa hazikuwa na kasoro yoyote. Usizifungue siku hiyohiyo. Ziache ndani ya kasha, kwenye chumba utakachochezea, siku mbili tatu, zizoee hewa polepole na pande zote kwa pamoja. Ukishazizoesha, kila mchezo ukiisha zirudi kwenye kasha. Wenye pakiti nyingi za asetati huweka na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mimi sivipendelei: vinakausha kupita kiasi, halafu ukifungua kasha mabadiliko yanakuwa makali zaidi.

Kwa PVC, kabla ya kusafiri nazo jiulize zitakaa wapi. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 na kitu hivi za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupita nyuzi 70. Plastiki iliyolegea huchukua umbo la ilipolala, ikipoa inabaki nalo. Mfuko wa mlango wa gari, juu ya friji kule nyuma kunakotoka joto, kingo ya dirisha lenye jua la alasiri: pote hapo si mahali pake.

Siku ya kuzipokea, zipime kabla hujacheza, maana ukishazichezea nani atakubali kubadilisha? Tafuta kioo au kigae kilichonyooka, uiweke pakiti nzima, ushushe macho yawe sawa na meza. Kisha igawe nusu kwa nusu, nusu moja uigeuze. Mwanya kati ya karata na kioo ukibaki na ukubwa uleule kwa pande zote mbili, pakiti imepinda kwa pamoja, hilo linarekebishika. Halafu ndiyo kazi ya kuchosha, lakini ifanye: karata mojamoja juu ya kioo, uisukume kona kwa kidole. Iliyonyooka itakwama au itateleza kidogo. Iliyopinda itazunguka kama pia. Zitenge zinazozunguka kuliko wenzake. Zikiwa moja au mbili, rudisha pakiti. Ndiyo maana swali la kubadilishiwa liulizwe kabla ya kulipa, hasa kwa wauzaji wa mitandaoni.

Namna unavyochanga nayo ina sehemu yake. Anayechanga kwa kupitisha, fungu kwa fungu toka mkono huu kwenda huu, hazipindi sana. Anayezigawa mbili, akazipinda kwa vidole gumba zikaingiliana, kisha akazikunja daraja ili zianguke kwa mlio, anazipinda upande mmoja kila raundi. Mlio ni mtamu, sikatai. Basi angalau geuza pakiti kila baada ya michezo kadhaa, migongo iangalie chini, ukunje upande wa pili. Nyumbani kwenye wachangaji wengi wenye mikono mizito, kuzitandaza mezani na kuzikoroga kwa viganja kunatosha, na hakuzikunji kabisa. Ukinunua kasha la pakiti mbili, kama zinavyouzwa nyingi, zipokezane ili moja ipumzike wakati nyingine inatumika.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kitambaa, na kukausha palepale karata mojamoja pande zote mbili. Usiziloweke, hasa za asetati. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isikaribie: inayeyusha asetati na kuilegeza PVC.

Pakiti nzima ikishapinda, ishike yote mikononi, uikunje taratibu kinyume cha ilivyopinda, uishike hivyo kidogo, kisha uilaze kwenye kasha linaloibana vizuri na kuweka juu yake vitabu vizito kwa siku kadhaa. Kupinda kwingi huisha kwa hilo, ingawa asetati itadai kurudiwa msimu ukibadilika. Kuna wanaoshauri pasi. Usithubutu: hata pasi ya moto wa chini kabisa huweza kupita nyuzi 100, PVC itasinyaa mbele ya macho yako. Karata moja iliyopinda peke yake hainyooshwi ikalingana na wenzake, kwa hiyo usipoteze wiki nzima kuibana. Kama kasha lako lina pakiti mbili, usikope karata ya pakiti ya pili kuziba pengo, kwani rangi ya mgongo ni tofauti na kila mtu ataiona. Tumia jokari kama ipo, uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika inasimama badala ya ipi, na pakiti hiyo ibaki ya kuchezea na watoto.