Kupima uchafuzi wa pwani: anza na tope, maji yafuate

Maji ya bahari hubadilika kila yanapokupwa na kujaa, kwa hiyo chupa ya asubuhi haikuambii lolote kuhusu jioni. Tope la chini ndilo linalotunza uchafu. Mahali kama mlango wa mto Msimbazi, karibu na Daraja la Selander jijini Dar es Salaam, anza na tope.

Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana. Panga vituo kutoka mtoni kuelekea baharini, pamoja na kimoja cha kulinganishia kilicho mbali na mifereji ya maji taka. Hicho nacho kiwe na tope laini: metali hung'ang'ania chembe ndogo, hivyo mchanga mweupe utaonekana safi hata kama si safi.

Kwangua sentimita 2 za juu tu. Ukichimba zaidi unachanganya uchafu wa juzi na wa miaka mingi. Kwa metali nzito, tumia kijiko na chombo cha plastiki, vikiwa vimelowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya 10% na kusuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Kwa mafuta na viuatilifu, geuza: chuma cha pua na chupa ya kioo. Andika lebo kwa penseli, maana wino hufutika. Weka sampuli kwenye barafu, kisha zigandishe kwa nyuzi -20.

Maabara, kausha kwa nyuzi 40. Joto kali hupeperusha zebaki. Chekecha kwa chekeche ya nailoni yenye matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ubaki na chembe ndogo tu. Ile ya shaba nyeupe iacheni kabisa, inaongeza shaba na zinki kwenye sampuli.

Pima aluminiamu pia, kwani inaonyesha kiasi cha udongo wa asili, ambao nao una metali zake. Tuseme kituo chako kina risasi mg 40 kwa kilo na aluminiamu 8%, na cha kulinganishia kina 10 na 4%. Risasi inaonekana mara 4, lakini 40/8 ukigawa kwa 10/4 unapata mara 2 tu.

Viwango vya Marekani vinavyotumika sana huweka risasi mg 46.7 kwa kilo ya tope kama mwanzo wa wasiwasi na 218 kama kiwango ambacho madhara hutokea mara kwa mara. Havikutungwa kwa viumbe wa pwani yetu. Vikivukwa, pima pia chaza wa hapohapo kabla ya kutoa hukumu.