Kuokoa video ya harusi kwenye DVD inayokwama

Nimemaliza kumsaidia mama mmoja wa hapa Moshi ambaye DVD ya harusi yake inaganda kila wakifika ukumbini. DVD za kuchoma huandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Ndiyo maana diski isiyo na mkwaruzo hata mmoja inaweza kugoma.

1. Isafishe kwa kitambaa laini chenye maji, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Kusugua mikwaruzo kwa dawa ya meno waachie wanaoipigia debe.

2. Washa laptopu yenye Linux ya Ubuntu au Debian, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), kisha usakinishe ddrescue, programu ya kuokoa data:

sudo apt install gddrescue

Kukopi na kupesti sikushauri. Kompyuta ikikutana na sehemu mbovu inakata tamaa, na wewe unabaki na nusu faili.

3. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye amri hizi, /dev/sr0 ni deki ya DVD, na harusi.iso ni faili la nakala ya diski nzima. Raundi ya kwanza huchukua vilivyo rahisi na kuruka vibovu:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ya pili huvirudia vile vibovu:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Majina ya mafaili yawe yaleyale raundi zote. Hiyo harusi.map ndiyo kumbukumbu ya kilichosomeka na kilichobaki. Ukiifuta, programu haijui tena ilipofikia. Umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea. Ikisuasua usiku kucha usiichomoe, ila diski ikianza kulia kwa sauti ya kukwaruza, itoe. Vikibaki vipande, azima deki ya nje ya USB ya mtu mwingine: deki moja husoma mahali ambapo nyingine imeshindwa. Na kabla ya kukubali hasara, uliza upande wa pili wa ukoo. Mpiga video huchoma nakala kadhaa, za bwana harusi, za bibi harusi, za wasimamizi. Kama zilichomwa kutoka faili lilelile moja na zina ukubwa sawasawa kwa baiti, weka nakala ya shangazi, endesha amri ya pili kwa map ileile, na mashimo yatajazwa. Ukubwa ukitofautiana hata kidogo, usithubutu. Anza faili jipya.

4. Fungua harusi.iso kwa VLC, uangalie mpaka mwisho.

5. Hifadhi kwenye hard disk mbili, nyumba mbili tofauti. Flashi ni ya kupelekea tu: data zake ni chaji ya umeme, na ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa, chaji huvuja.