Jinsi ya kumsimulia Katharine Hepburn banda umiza Kigoma bila kuzomewa

Madogo wanaoanza kutafsiri muvi kwa maiki kwenye banda umiza, yani banda la kuonyeshea video, wananiuliza sana, yani umepewa muvi ya kizungu ya zamani, mwanamke hana bunduki wala harushi teke, utawashikaje wavuvi wa Kibirizi hapa Kigoma karibu saa mbili nzima. Mi nawajibu chukua African Queen ya 1951, afu humohumo ndani ya muvi uwasimulie maisha ya Katharine Hepburn, yule mwigizaji Mmarekani anayecheza humo. Nimefanya mara mbili, ya kwanza nilizomewa, ya pili watu wakagoma kutoka.

Kwanza chagua siku. Weka kipindi cha mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mweupe dagaa hawafuati taa, wavuvi wanakuwa nchi kavu na hela ya kiingilio wanayo. Ukiweka kipindi cha giza utamtafsiria mwenye banda na watoto wake.

Kosa langu la kwanza nilianza na kuzaliwa kwake. Hartford, Connecticut, 12 Mei 1907, baba daktari, mama mpigania haki ya wanawake kupiga kura, sijafika hata shule aliyosoma, nyuma huko mtu anapiga kelele weka ya Kihindi! Usianze hivyo. Anza na Liemba. Hapa Kigoma kila mtu ameipanda Liemba au ana bibi aliyeipanda, sasa waambie meli ile Wajerumani waliijenga kwao Papenburg, wakaifungua wakaileta vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma ikashushwa majini 1915, jina lake Graf von Götzen, 1916 walipoona Vita ya Kwanza ya Dunia imewaelemea wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Vita ile ya ziwani ndo ilizaa kitabu, kitabu kikazaa muvi. Ukifika hapo hata anayemenya karanga atasimamisha mkono.

Ila usiongeze chumvi. Usiku wa kwanza mto ulipotokea mi nikajitia kusema jamani huo ni Malagarasi, mzee mmoja mvuvi akasimama, "Mwanangu, mi nimezaliwa Malagarasi, hapo si Malagarasi." Nikakosa pa kuweka uso. Ukweli walishutia Kongo na Uganda, na vipande vingine studio Uingereza, ziwani kwetu hawakufika. Na boti ndogo kuilipua meli kubwa ni mambo ya muvi, ila hilo waambie ikiisha, ukisema mapema umeua utamu.

Sauti sasa. Muvi yenyewe ni watu wawili tu kwenye boti, Hepburn na Humphrey Bogart, kwa hiyo sauti zako mbili zisifanane. Rose, ndo huyo anayechezwa na Hepburn, usimpe sauti ya kulialia. Dairekta John Huston alimwambia Hepburn amwigize kama Eleanor Roosevelt, yule mke wa rais wa Marekani, kidevu juu na tabasamu hata mambo yakiwa magumu. We mpe sauti ya mama wa kwaya anayeshika funguo za kanisa. Akifika pale anamwaga mtoni pombe yote ya Bogart, ile inaitwa jini, nyamaza kabisa, zima maiki, maana wanaume watalia kama mali yao na wanawake watashangilia, huna cha kuongeza.

Maisha yake yaweke kwenye vile vipande virefu vya mto ambavyo hakuna anayeongea. Anza na ugonjwa. Huko location Hepburn alikuwa anakunywa maji, Bogart na Huston wanakunywa wiski, yeye akaugua kuhara vibaya sana na wao wakabaki wazima, ile sini anapiga kinanda kanisani aliwekewa ndoo pembeni ya kutapikia. (Hapo usikae sana, kuna jamaa alinifata baadaye anataka niongee na mke wake kama shahidi.)

Afu ingia kwenye sumu, na hapa ndo pa kukaa, mi naona ndo maisha yake yenyewe. Huyu mama alipata Oscar ya kwanza kwa muvi ya 1933, kijana kabisa, ila 1938 wenye majumba ya sinema Marekani wakatoa majina ya mastaa wanaowapa hasara, wakawaita sumu, na yeye yumo. Akalipa hela yake kujitoa mkataba wa studio ya RKO, akarudi kwenye jukwaa 1939 na igizo la The Philadelphia Story, likabamba, na haki za kulitengeneza muvi zilikuwa mkononi mwake, tajiri Howard Hughes alimnunulia. Hollywood wakaja kumbembeleza, akawauzia studio ya MGM kwa masharti, yeye ndo anacheza na dairekta anamchagua yeye. Kwa watu wa Kibirizi iseme hivi: tajiri kakufukuza kwenye boti yake, ukaenda ukapata nyavu zako, sasa anakuja kwako anaomba nyavu, unamwambia sawa ila nahodha nachagua mimi. Banda zima litaitikia.

Suruali usiisahau. Studio walimfichia suruali ili avae sketi, akatembea na nguo ya ndani mbele ya watu mpaka wakarudisha.

Mambo ya Spencer Tracy, mwigizaji mwenzie na mpenzi wake, pita haraka, muvi tisa pamoja, 1942 mpaka 1967, mwenzie ana mke na hakumwacha, ukikaa hapo wataanza kubishana na muvi inaenda bila wewe. Oscar taja mwishoni, nne za uigizaji, hakuna aliyemfikia mpaka leo, na hakwenda kupokea hata moja. Kwa African Queen alikosa, akapata Bogart.

Majina yakianza kupanda usizime, ruhusu maswali. Yule mzee wa Malagarasi alirudi mara ya pili, akakaa mbele kabisa, akauliza huyo mama yuko hai? Nikamwambia alifariki 29 Juni 2003, ana miaka 96.

"Basi huyo alikula mgebuka, samaki wa ziwa letu," akasema, akachukua tochi yake akaondoka.