Cheti cha Rubani wa Droni Marekani: Kutoka Kujiandikisha hadi Kukagua Paa la Kwanza

Kazi yangu ni kukagua mapaa ya nyumba kwa droni katika miji inayoizunguka Dallas, Texas, ambako mvua ya mawe huwaacha wenye nyumba wakibishana na kampuni za bima kuhusu vigae vilivyopasuka. Vijana wetu waliokwisha kununua droni kwa ajili ya picha za harusi huniuliza mara kwa mara ni nini kinachotakiwa ili mtu alipwe kihalali kwa kuirusha. Mwongozo huu unafuata njia niliyoipita mwenyewe, na mahali nilipojikwaa nimepataja.

Hatua ya 1: Hakikisha kama kanuni inakuhusu

Kanuni inayotawala kazi hii ni Sehemu ya 107 ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, yaani FAA, iliyoanza kutumika tarehe 29 Agosti 2016, nayo inahusu droni zenye uzito usiofika ratili 55, ambazo ni karibu kilo 25. Wengi hudhani kwamba kinachotenganisha kazi na burudani ni malipo, na hilo ni kosa. Kinachoangaliwa ni dhumuni la kurusha: ukipiga bure picha za sendofu ya binamu yako ili ukumbi uzitumie katika matangazo yake, au ukijitolea kupiga video ya jengo la kanisa kwa ajili ya tovuti yao, tayari umetoka katika burudani na unahitaji cheti.

Masharti yenyewe si mazito. Uwe umetimiza miaka 16, uwe unasoma, unazungumza, unaandika na kuelewa Kiingereza, na afya yako ya mwili na akili ikuruhusu kurusha kwa usalama. Uraia wa Marekani hautakiwi, ila jina lako litapitishwa katika ukaguzi wa TSA, yaani idara ya Marekani ya usalama wa usafiri. Naomba jambo hili lieleweke vizuri na ndugu zetu walioko kwa viza za masomo: cheti hiki ni ruhusa ya kurusha, si kibali cha kufanya kazi nchini, na chenyewe hakibadilishi chochote katika hali yako ya uhamiaji.

Hatua ya 2: Fungua akaunti, na uandike jina lako lote

Ingia katika mfumo wa FAA uitwao IACRA, ufungue akaunti, nawe utapewa namba ya kudumu inayoitwa FTN. Kwa namba hiyo unapanga siku ya mtihani katika vituo vinavyosimamiwa na kampuni ya PSI, na ada yake ni dola 175.

Sisi wenye majina matatu tuna mtego wetu hapa. Nilipojiandikisha niliandika majina mawili kama nilivyozoea kuitwa kazini, ilhali kitambulisho changu kilikuwa na matatu, na siku ya mtihani nilirudishwa mlangoni nikaendesha gari dakika arobaini kurudi nyumbani nikiwa sijafungua hata swali moja. Jina la IACRA lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Asiye raia anayeishi Marekani abebe pasipoti yake pamoja na leseni ya udereva au kitambulisho kingine cha serikali chenye anwani yake ya sasa.

Hatua ya 3: Soma anga kabla ya kusoma droni

Mtihani una maswali 60 ya kuchagua jibu, kwa saa mbili, na anayefaulu ni aliyepata asilimia 70, yaani maswali 42. Hakuna sehemu ya kurusha. Mtu anaweza kuwa hodari wa mikono na akaanguka vibaya, kwa sababu kinachopimwa ni kama unajua lini na wapi usiruke.

Anza na ramani za anga. Mstari wa buluu usiokatika ni anga ya daraja B, linalozunguka viwanja vikubwa vya ndege kama DFW, cha Dallas na Fort Worth; mstari wa zambarau usiokatika ni daraja C; buluu iliyokatikakatika ni daraja D; na zambarau iliyokatikakatika ni daraja E linaloanzia ardhini. Ndani ya hizo zote unaomba ruhusa. Daraja G, yaani anga lisilodhibitiwa, halihitaji ruhusa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba daraja B limejengwa kama keki ya harusi iliyopinduliwa: ukiona 110 juu ya 30, maana yake ni kwamba sehemu hiyo inaanzia futi 3,000 na kuishia futi 11,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo droni iliyo futi 300 juu ya nyumba iliyo chini yake haimo ndani ya daraja B hata kidogo. Usipoteze wiki kukariri alama zote, kwa kuwa ufunguo wa ramani umo ndani ya kijitabu utakachopewa mezani, na nakala yake hupatikana bure kwenye tovuti ya FAA. Jizoeze kukitumia kijitabu hicho mpaka mkono ujue ukurasa.

Kisha hali ya hewa. Ripoti ya kiwanja huandikwa hivi: KDAL 121853Z 17012G22KT 10SM BKN008. Maana yake ni uwanja wa ndege wa Love Field, Dallas, tarehe 12, saa 18:53 za Zulu, upepo kutoka nyuzi 170 kwa mwendo wa noti 12 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) unaopiga kwa ghafla hadi noti 22, mwonekano wa maili 10, na mawingu yaliyofunika sehemu kubwa ya anga kuanzia futi 800. Saa za Zulu ndizo saa za dunia: wakati huo Dallas, majira ya joto, ni saa saba na dakika 53 mchana, na Nairobi ni saa tatu na dakika 53 usiku. Sisi tuliokua tukisema saa moja pale wenzetu wanaposema saba hatupaswi kuogopa kuhamisha saa kichwani. Sasa fanya hesabu ambayo mtihani unaipenda: kanuni inataka uwe futi 500 chini ya wingu, kwa hiyo siku hiyo kikomo chako si futi 400 za kawaida, bali ni 300.

Mambo mengine yanakaririka kwa jioni mbili: mwonekano usipungue maili tatu, kasi isizidi maili 100 kwa saa, na kilevi kikae mbali na rubani kwa muda wa saa nane kabla ya kurusha. Kumbuka pia kwamba unaruhusiwa kupanda hadi futi 400 juu ya ncha ya mnara ikiwa hutoki nje ya futi 400 kuuzunguka. Ukifeli, unasubiri siku 14 na kulipa upya.

Hatua ya 4: Omba cheti, sajili droni

Matokeo yakishaingia katika mfumo, kwa kawaida ndani ya saa 48, rudi IACRA ujaze ombi kwa kutumia namba ya mtihani wako. Ukaguzi wa TSA ukipita, utapata cheti cha muda cha kuchapisha, na kadi yenyewe itakuja baadaye kwa posta.

Droni inasajiliwa FAADroneZone, tovuti ya FAA, kwa dola tano, kwa miaka mitatu, kila moja peke yake. Ile ya chini ya gramu 250 husamehewa katika burudani tu. Ukiitumia kazini nayo inasajiliwa. Namba ya usajili ibandikwe nje ya mwili wa droni. Hakikisha pia kwamba droni inatangaza utambulisho wake kwa redio, mfumo uitwao Remote ID, ambao FAA ilianza kuusimamia kwa ukali tarehe 16 Machi 2024. Anayenunua droni ya mtumba aulize hilo kwanza kabla ya kuuliza kamera.

Hatua ya 5: Omba anga usiku wa kuamkia kazi

Mteja anapokupa anwani, fungua programu iliyoidhinishwa kwa LAANC, mfumo wa FAA wa kutoa ruhusa za anga kwa haraka. Anga la kiwanja limegawanywa katika miraba, na kila mraba una namba ya kikomo kwa futi, kuanzia 0 hadi 400. Ukiomba urefu usiozidi namba ya mraba wako, jibu huja ndani ya dakika chache. Paa la nyumba ya ghorofa moja halihitaji zaidi ya futi 100, hivyo hata mraba wa namba 100 hutosha. Penye 0, mwambie mteja mapema kwamba njia hiyo ya haraka haipo.

Ruhusa hiyo haifuti makatazo ya muda. Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, ina viwanja viwili vikubwa vya michezo vilivyo karibu karibu, AT&T Stadium na Globe Life Field, na siku ya mchezo wa ligi kuu ya besiboli au ya futiboli ya Kimarekani ni marufuku kurusha ndani ya maili tatu za baharini, takriban kilomita tano na nusu, kuanzia saa moja kabla ya mchezo hadi saa moja baada ya kwisha. Besiboli huchezwa karibu kila siku kiangazi chote. Mimi hubandika ratiba ya timu ya nyumbani kwenye jokofu.

Hatua ya 6: Rusha juu ya paa

Fika mapema, utembee kuizunguka nyumba kwa miguu. Tafuta nyaya za umeme, miti na mbwa. Waombe waliomo wabaki ndani, kwa sababu huruhusiwi kuruka juu ya watu wasiohusika na kazi ila kwa masharti ambayo droni nyingi za kazi haziyatimizi.

Kabla ya kuwasha, weka urefu wa kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hukitumia inaporudi yenyewe ilikopaa mawasiliano yakikatika. Hapa ndipo nililipa ada ya ujinga. Katika kazi yangu ya tatu niliacha mita 20 za kazi iliyopita, ilhali nyuma ya nyumba kulikuwa na mwaloni mrefu kuliko hapo. Mawasiliano yalikatika, droni ikageuka kurudi yenyewe, ikapita katikati ya matawi na kuangukia baraza ya jirani. Hakuna aliyeumia, na hasara ya jirani haikufika dola 500, kwa hiyo haikunilazimu kutoa taarifa FAA ndani ya siku kumi, lakini nilimlipa meza yake. Tangu siku hiyo napima mti mrefu kuliko yote kwa kupandisha droni mbele yake, kisha naongeza mita kumi. FAA hailazimishi bima, ila wateja wengi wa maana wataidai, nami nakushauri uikate kabla ya kazi ya kwanza.

Piga kwanza picha zinazotazama chini wima, zikiingiliana kwa asilimia 75 hadi 80 ili programu iweze kuziunga kuwa picha moja ya paa zima. Baada ya hapo inamisha kamera nyuzi 45 uizunguke nyumba pande zote, na mwisho shuka karibu na kila upande ulioonyesha alama. Mawingu mepesi ni rafiki, kwa sababu jua kali la adhuhuri hufuta vishimo vya mvua ya mawe. Joto la Julai nalo huifanya hewa kuwa nyepesi, mapanga yakafanya kazi zaidi, betri ikaisha upesi. Mimi hutua ikibaki asilimia 30, hata kama pamesalia picha tano tu.

Hatua ya 7: Kabidhi unachoruhusiwa kukabidhi

Mteja hanunui video, ananunua jibu. Mpe picha zenye namba, na mchoro wa paa unaoonyesha kila namba iko wapi. Usitamke kwamba bima italipa, na usichore mipaka ya kiwanja, kwa kuwa upimaji wa mipaka ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni. Rubani mmoja wa North Carolina aliyetaka kuuza ramani na vipimo bila leseni hiyo aliipinga bodi ya wapima wa jimbo lake mahakamani, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua dhidi yake.

Hatua ya 8: Weka cheti hai

Kila baada ya miezi 24 ya kalenda unapitia mafunzo ya marejeo mtandaoni, bila malipo na bila kurudi kituoni. Aliyefaulu tarehe 10 Machi 2025 anatakiwa awe ameyamaliza kabla ya Machi 2027 kwisha.

Na unapofunga safari ya kwenda nyumbani, betri zikae katika mzigo wa mkononi, na cheti cha FAA usikitegemee. Kenya, kwa mfano, ina kanuni zake za mwaka 2020, na droni isiyo na kibali cha kuingizwa kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, hubaki uwanja wa ndege. Omba kibali hicho kabla ya kukata tiketi.