Jinsi ya Kupima Kazi ya Hotelini Malindi Zaidi ya Mshahara

Anayetafuta kazi katika hoteli za Malindi na Watamu huulizwa kwanza na jamaa zake atalipwa ngapi, na swali hilo, ingawa ni la haki, halitoshi kumwonyesha kazi ipi itamfaa. Anza kwa kuyageuza marupurupu yote kuwa shilingi. Tuseme hoteli moja inatoa shilingi 28,000 kwa mwezi bila usafiri wala chakula, na nyingine inatoa 24,000 pamoja na gari la wafanyakazi na chakula cha mchana. Ikiwa bodaboda ni shilingi 200 kwenda na kurudi na chakula ni 150, kwa siku 26 za kazi utatumia 9,100, na ile 28,000 itabaki 18,900. Uliza pia kama mkataba ni wa mwaka mzima, kwa kuwa masika yakiingia wageni hupungua na wafanyakazi wengine husimamishwa.

Usihesabu kuwa hisani kile kilicho haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila mwaka, na inampa mama aliyejifungua miezi 3 kwa mshahara kamili.

Ratiba ya zamu nayo ina bei. Utafiti wa Alexandre Mas na Amanda Pallais, uliochapishwa Marekani mwaka 2017, ulionyesha kuwa kwa wastani waombaji kazi walikuwa tayari kuachia asilimia 20 ya mshahara ili wasipangiwe saa za kazi kwa taarifa ya ghafla.

Wema wa mwajiri kwa jamii una thamani pia, na naamini si kosa kupokea mshahara mdogo kidogo mahali unapopaonea fahari, lakini uchunguze kwanza. Hoteli inayojivunia kulinda kasa na kusafisha ufuo, iulize kama wafanyakazi hufanya hivyo ndani ya saa za kazi au huitwa siku yao ya mapumziko bila malipo. Mtafute mpishi au mhudumu aliyewahi kufanya kazi hapo, umuulize kama mshahara ulifika kwa wakati na kama makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) yaliwasilishwa. Mwajiri anayepanda mikoko mbele ya kamera huku makato ya watu wake hayafiki yanakopaswa kwenda, mikoko hiyo usiihesabie hata senti moja.

Ukiridhika, omba kila ulichoahidiwa kwa mdomo, kuanzia gari hadi siku za mapumziko, kiandikwe katika mkataba kabla hujatia sahihi.