Siku Moja Kwenye Vilima vya Prosecco: Anzia Shambani

Baba yangu aligema minazi Pangani kwa zaidi ya miaka thelathini. Alfajiri alipanda na kotama yake na kibuyu, jioni akapanda tena. Mgeni akija kutaka tembo, yaani pombe ya mnazi, hakumiminiwa papo hapo. Baba alimpeleka kwanza chini ya mnazi, akamwonyesha mapandio kwenye shina, akamwonyesha kule juu karara lilipokatwa, ndipo wakarudi barazani kwenye kata. "Ujue unakunywa nini," ndivyo alivyozoea kusema.

Mimi niko upande wa kumimina. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nahudumia vinywaji hotelini hapa Tanga, upande wa Raskazone. Wageni wanaagiza Prosecco, mvinyo wa Italia wenye mapovu, nafungua, namimina, na kwa miaka mingi sikujua hata zabibu yake inaitwaje. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Mestre, jirani kabisa na Venezia, kwa hiyo nimepata kwenda huko mara mbili, na mara zote mbili nililipia safari ya siku moja ya kuonja mvinyo pamoja na mwongozaji. Ya kwanza iliniuma. Ya pili ilinipa nilichokuwa natafuta. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa hoteli na baa za mwambao huu, na yeyote atakayejaliwa kufika Italia, msije mkapoteza siku kama niliyoipoteza mimi.

Ile ya kwanza ilikuwa basi la watu zaidi ya arobaini na viwanda vinne vya mvinyo kwa siku moja. Tunashuka, tunapanga foleni kaunta, glasi tatu za haraka, dukani, haya pandeni. Shambani hatukukanyaga. Kufika cha tatu ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi, kila kitu ladha moja. Cha nne kilikuwa karibu na mteremko wa Cartizze, mahali nilipokuwa nimepasoma na kupaota, na nilipapita nimelala, kichwa kwenye kioo cha basi. Niliamka tuko barabara kuu. Nililia usiku ule kwa mdogo wangu, maana nauli ya kutoka Tanga mpaka kule si ya kuchezea.

Kwa hiyo uchaguzi wa safari ndio kazi kubwa. Kabla hujalipa, uliza maswali haya na usikubali jibu la juujuu. Watu ni wangapi kwenye gari? Wakizidi wanane, tafuta wengine. Tunatembelea wazalishaji wangapi? Wawili wanatosha, watatu ndio mwisho. Je, angalau mmoja ni familia inayolima zabibu zake yenyewe? Je, tunatembea ndani ya mizabibu, kwa miguu, kabla ya kuonja? Malipo ya kuonja na chakula cha mchana yamo? Hilo swali la kutembea ndilo linalochuja. Mwenye safari nzuri atakujibu kwa furaha, hata atakuambia uvae viatu gani.

Uliza pia ni vilima vipi. Prosecco ya kawaida, yenye alama ya DOC, hutoka eneo kubwa la Veneto na Friuli Venezia Giulia, na sehemu kubwa yake ni tambarare. Unachotaka kukiona ni vilima vya kati ya miji ya Conegliano na Valdobbiadene, mkoa wa Treviso. Mvinyo wa pale ulipewa daraja la juu la DOCG mwaka 2009, na vilima vyenyewe vikaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2019. Shingoni mwa chupa utaona ukanda wenye herufi hizo nne.

Ukishajua unakwenda lini, maliza ya visa mapema. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam, ada ya visa ya muda mfupi ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya kuondoka, ila mimi nakushauri miezi miwili. Mei na Juni mizabibu ni kijani kibichi na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza. Septemba ni mavuno, unaona zabibu zikikatwa, lakini mwenye shamba anaongea huku anatembea. Katikati ya Agosti Italia nzima iko likizo, epuka.

Usikodi gari ukaendesha mwenyewe. Kule kiwango cha kilevi kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa dereva mwenye leseni isiyofikisha miaka mitatu ni sifuri. Zaidi ya sheria, barabara zenyewe ni kama kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto: kona juu ya kona, nyembamba. Valdobbiadene haina reli. Mimi nilipanda treni ya kawaida kutoka Mestre hadi Conegliano, mwendo wa chini ya dakika sitini, na mwongozaji akatuchukua stesheni. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye kimashine cha ukutani kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Asubuhi ya siku hiyo kula ushibe: mayai, mkate, ndizi. Beba maji. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno, kwa sababu mteremko una nyasi na umande. Na jambo hili dada zangu wa Tanga mnisikilize vizuri: usijifukize udi, usipake manukato. Najua kwetu mwanamke hatoki bila harufu nzuri, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini zaidi ya nusu ya kuonja ni pua, na udi hukaa kwenye nguo siku mbili. Ukiinamia glasi utajinusa mwenyewe, na utawaharibia na wenzako mezani. Fua nguo kwa sabuni isiyonukia, anika, vaa.

Safari ya pili tulikuwa sita. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyezaliwa kwenye vilima vile vile, alituteremsha juu ya kilima kabla hata hatujaona glasi. Nilisimama pale sikusema kitu. Mizabibu inashuka kwa ngazi ngazi, na ngazi hizo hazikujengwa kwa mawe, zimeshikwa na nyasi tu. Wenyeji wanaziita ciglioni. Trekta halipandi pale. Zabibu hukatwa kwa mkono, kreti hubebwa, na nyasi zile zisipokatwa na kutunzwa mwaka mzima udongo wote unashuka na mvua. Nilimkumbuka baba na magoti yake.

Zabibu yenyewe inaitwa Glera, na sheria inataka isipungue asilimia 85 kwenye chupa. Kilichobaki huwa ni zabibu nyingine, kama Verdiso na Bianchetta. Uliza uonyeshwe jani, uonyeshwe udongo, uliza mteremko unatazama jua la wapi. Chupa yenye neno Rive na jina la kijiji maana yake zabibu zote zimetoka kwenye miteremko ya kijiji hicho kimoja na zimevunwa kwa mkono. Ukishasimama kwenye kilima kile kwa miguu yako, jina hilo kwenye lebo linakuwa mahali ulipopafika.

Kutoka shambani ndipo tukaingia kiwandani. Utaonyeshwa matangi marefu ya chuma kisichoshika kutu, yamefungwa kabisa kama mtungi wa gesi. Mapovu yanatoka humo. Mvinyo ukishachachuka mara ya kwanza, unaingizwa kwenye tangi hilo na sukari kidogo na hamira, unachachuka tena, na hewa inayozaliwa haina pa kutokea, inajificha ndani ya mvinyo. Njia hii aliisajili Federico Martinotti wa Italia mwaka 1895, na Eugène Charmat wa Ufaransa akaiboresha mwaka 1907. Mbona hawafanyi kila kitu ndani ya chupa kama Champagne? Kwa sababu Glera ni zabibu ya harufu laini, na tangi huilinda harufu hiyo.

Nguvu iliyomo msiidharau, hasa sisi tunaofungua mbele ya wageni. Fundi wa matairi hapa Chumbageni anajaza gari dogo upepo wa 30 hivi. Ndani ya chupa ya spumante, yaani mvinyo wenye mapovu mengi, kwa kipimo kile kile, ni zaidi ya 50. Kwa hiyo chupa iwe baridi, kidole gumba kisitoke juu ya kizibo, uilaze kidogo, kisha uzungushe chupa, si kizibo. Itoe pumzi tu. Tangu nijifunze kwa mzee wa kule, sijarusha kizibo tena.

Sasa kuonja. Anza na kisicho na sukari, nenda kwenye utamu, usirudi nyuma. Hapa lebo zinawapoteza wengi, nami nilimpotosha mgeni zaidi ya mmoja nikiamini "Dry" ni kali kuliko zote. Sivyo. Extra Brut ina sukari isiyozidi gramu 6 kwa lita. Brut isizidi 12. Extra Dry ni kati ya 12 na 17, na Dry ni kati ya 17 na 32, ndiyo tamu kati ya hizo. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, piga hesabu mwenyewe. Mgeni akikuambia hataki utamu, mpe Brut.

Glasi ishike kwenye mguu wake, si tumboni, mkono wako una joto. Usiizungushe kwa fujo, mapovu yanakimbia. Inusishe kwanza pua ikiwa imetulia. Mimi kitu cha kwanza kunijia kilikuwa peasi la Lushoto lililoiva, lile unalonunua stendi ya Mombo dirishani mwa basi, kisha maua meupe. Sema unachonusa kwa maneno ya kwenu. Usione haya kwamba mezani wanataja matunda usiyoyajua. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha liteme kwenye chombo kilichowekwa. Kutema si dharau, wenye mvinyo wao wenyewe wanatema. Kumeza kila glasi ndiko kulikonilaza basini.

Cartizze niliiona safari hii nikiwa macho: mteremko mmoja wa hekta 107 tu karibu na Valdobbiadene, umegawanywa kwa wakulima wengi. Kwa desturi mvinyo wake hutengenezwa mtamu wa Dry, kwa hiyo ulizia uwe karibu na mwisho, na keki kavu.

Chakula cha mchana kitakuja na sopressa, soseji nene iliyokatwa vipande. Ni nyama ya nguruwe. Asiyekula aseme siku anapolipia, ataletewa jibini laini la casatella, mboga na uji mzito wa mahindi, polenta, ambao ni ugali wa njano tusijidanganye. Na kama una ndugu asiyekunywa kabisa, asibaki hotelini. Nyumba ya kinu cha maji cha Molinetto della Croda pale Refrontolo na abasia ya kale ya Follina vinatosha kumjaza siku, na mwongozaji mzuri atavipanga njiani.

Nimebakiza kitu ambacho huenda usiwekewe mezani usipokiomba. Taja maneno haya: col fondo. Maana yake ni pamoja na kitako, yaani na mashapo yake. Ni Prosecco ya namna ya zamani ya wakulima, kabla ya matangi. Uchachukaji wa pili unafanyika ndani ya chupa, na hamira inabaki humo humo chini. Mzee wa kiwanda cha pili alipoona naulizia, aliinuka mwenyewe akaenda kuileta. Alimimina kwanza iliyotulia, angavu. Kisha akaitikisa chupa taratibu, akamimina ya chini, nyeupe kama tui la pili. Nikainusa. Unga wa maandazi ulioumuka usiku kucha, na nyuma yake, Mungu wangu, kibuyu cha baba saa nne asubuhi, tembo likiwa limeanza kuchangamka. Kavu, chachu kidogo, haina sukari ya kubembeleza. Ilibidi niweke glasi chini.

Nilinunua chupa mbili za hiyo. Zinaingia begi la kupakiwa chini ya ndege, si la mkononi. Kila moja niliivalisha soksi mbili, nikaifunga khanga, nikaiweka katikati ya nguo, mbali na pembe za begi. Ukifika nyumbani usiifungue siku hiyo. Isimamishe mahali penye giza siku mbili tatu mashapo yatulie, kisha iweke kwenye ndoo ya barafu na maji kwa nusu saa. Nyuzi 6 hadi 8 ndizo zake. Friza usiiweke.

Ya kwanza niliifungulia Pangani, barazani. Baba sasa hapandi tena, lakini pua yake nzima. Aliishika glasi ile ya mashapo muda mrefu bila kunywa. Akaniuliza kilima chenyewe kina mteremko wa kiasi gani, nani anakata zabibu, na wanapanda saa ngapi. Nilimjibu yote matatu.