Kupanga diski za mashine ya kurekodia muziki nyumbani, Goma

Kila anayeniletea laptopu yake hapa Himbi nimsaidie kuipanga kwa kazi ya kurekodi, namuuliza kwanza: mashine hii ikifa usiku wa leo, ni kitu gani hutakipata tena? Wengi hutaja programu. Programu inawekwa upya. Sampuli za piano na ngoma zinapakuliwa tena, hata zikila mega za intaneti za wiki nzima. Lakini sauti ya mama aliyeongoza kwaya Jumamosi ile, wenzake wakimjibu kwa nguvu zao zote, iko mahali pamoja tu duniani, nayo ni diski yako. Mimi hupanga diski kwa kufuata kisichorudi. Kasi naitazama baadaye.

Ukipanga hivyo, vitu vyote vilivyomo ndani ya mashine vinaingia mafungu matatu. Kuna mfumo na programu. Kuna sampuli, yaani zile maktaba kubwa za ala. Na kuna rekodi zenyewe pamoja na miradi yake. Ukiwa na uwezo wa diski tatu, kila fungu lipe yake. Ukiwa na uwezo wa mbili, mfumo na sampuli vikae pamoja kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, rekodi zikae kwingine zenyewe. Siku Windows ikiharibika unafuta C, yaani sehemu yenye mfumo, yote bila kutetemeka mkono, kwa sababu hakuna wimbo wa mtu humo.

Kukata diski moja kuwa C na D hakuleti faida hiyo. Ikifa, C na D zimekufa pamoja. Tena kama ni HDD, yaani ile yenye sahani zinazozunguka, hupati hata kasi. Vichwa vya kusomea ndani yake vimefungwa kwenye mkono mmoja na vyote huenda pamoja. Kila mkono unaporuka kutoka sehemu moja ya sahani kwenda nyingine hupita kama milisekunde 10. Sasa fikiria unarekodi kwenye D huku piano ya sampuli inasomwa kutoka C: mkono unakimbia huku na huku bila kupumzika, na C na D ziko mbali kwenye sahani ileile. Ndipo zinaanza zile kelele za kukatika, au programu inasimama na kukuambia diski ni ya polepole.

Na diski si ya polepole kweli. Hebu tupige hesabu. Maiki moja kwa biti 24 na kilohezi 48 inaandika baiti 144,000 kila sekunde, yaani megabaiti 8.64 kwa dakika. Kadi ya sauti yenye maiki nane inaandika kama megabaiti 69 kwa dakika, na saa nzima ya kwaya inafika gigabaiti 4 na kidogo. Kwa sekunde moja haifiki hata megabaiti 1.2, wakati HDD ya kawaida yenye mizunguko 7,200 kwa dakika huandika zaidi ya megabaiti 100 ikiwa haisumbuliwi. Kwa hiyo usimkatalie mtu kurekodi eti kwa sababu ana HDD tu. Mwambie asiufanye mkono wake uruke huku na huku. Pesa ya kwanza ikipatikana anunue SSD ya mfumo na sampuli, na HDD yake ya zamani aiachie rekodi peke yake. SSD ya SATA, ile inayochomekwa mahali pa HDD ya laptopu, inasoma kama megabaiti 500 kwa sekunde na haina mkono wa kurusha, na sampuli ndizo zinazohitaji hilo.

Laptopu zilizotumika tunazonunua hapa mara nyingi zina nafasi ya diski moja, na wengi hudhani mambo yameishia hapo. Geuza laptopu utazame kama ina kisomeo cha DVD. Kipo? Kitoe, weka mahali pake kifremu cha kubebea diski. Vifremu hivi ni vya unene wa aina mbili, milimita 9.5 na milimita 12.7, kwa hiyo pima kisomeo chako kabla ya kwenda kununua. SSD iweke kwenye nafasi kuu, HDD ihamie kwenye kifremu. Ukiwa umeshafungua, safisha feni kwa brashi laini. Vumbi letu jeusi la lava ni chembe za mawe, na huingia mpaka ndani kabisa.

Usipopata kifremu, tumia diski ya nje ya USB. Ichomeke kwenye mlango wake na kadi ya sauti kwenye mlango mwingine, zisipitie kigawanyo (hub) kimoja. Kama ni HDD ilaze, usiisimamishe: tulivyotikiswa na matetemeko baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2021, kitu kilichosimama mezani hakikukaa muda. Iweke mbali na maiki pia, maana mlio wake mdogo unasikika vizuri sana mwimbaji anaposhusha sauti.

Diski ikishaingia, ipe herufi isiyobadilika. Kwenye Windows fungua Disk Management, bonyeza kulia kwenye diski, chagua Change Drive Letter and Paths. Mimi huweka R kwa rekodi na S kwa sampuli. Bila hivyo, siku flashi ya mgeni ikitangulia kuchomekwa, diski yako inakuwa F badala ya E na mradi unaanza kuuliza sauti ziko wapi. Kwenye Mac jina la diski ndilo linaloangaliwa, basi usizipe diski mbili jina moja.

Diski ya rekodi kwenye Windows iandaliwe (format) kwa mfumo wa faili wa NTFS. Watu wanapenda mfumo mwingine, exFAT, kwa sababu inasomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac, nami nakubali kuitumia kwa kupelekeana kazi. Lakini exFAT haiweki kumbukumbu ya kile inachokuwa inaandika, na umeme wetu unakatika bila kuaga. NTFS ina kumbukumbu hiyo, hivyo mara nyingi inajirekebisha mashine ikiwaka tena. FAT32 iache kabisa: haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na mradi uliofungwa kwenye zipu unavuka hapo mapema sana.

Mambo mawili madogo: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, pale palipoandikwa Turn off hard disk after weka Never, ili HDD isilale katikati ya kazi, na usijaze diski yoyote mpaka juu, acha kama asilimia 15 au 20 wazi.

Sasa majina, na hapa naomba mtu asiwe mvivu. Folda ya kila kazi naianza na tarehe, mwaka ukitangulia, ili zijipange zenyewe: 2024-08-17_kwaya-vijana_nyimbo-3. Ndani yake mna folda nne: mradi, sauti, mchanganyo (mix), na maelezo. Kwenye sauti, kila faili limeitwa kabla ya kubonyeza kitufe chekundu: 01_soprano, 02_alto, 03_tenor, 04_besi, 05_kiongozi, 06_ngoma, na kadhalika. Ukiacha programu ijiitie majina, utapata "Audio 1-14", na mwakani hutajua ni nani anayeimba humo. Kwenye maelezo naweka faili la maandishi ya kawaida tu: mwendo wa wimbo, ufunguo, lugha, maiki ipi ilikuwa wapi, na jaribio lipi kwaya ilipenda. Kwaya huja kuuliza baada ya muda mrefu, mwalimu wao akiwa amehama, na faili hilo ndilo linalojibu.

Kuwa na folda hakutoshi kama programu inachota sauti kutoka kwenye Downloads. Ukitumia programu ya kurekodi ya REAPER, unapohifadhi mradi mara ya kwanza weka alama kwenye Create subdirectory for project na kwenye Copy all media into project directory. Cubase ina Back up Project kwenye menyu ya File. FL Studio ina Zipped loop package. Kazi ikiisha, toa kila mstari wa sauti (track) kama faili la WAV linaloanzia sifuri, yaani mwanzo kabisa wa wimbo. Programu zinabadilika na viambatisho (plugins) vinapotea, lakini WAV itafunguka popote.

Nifike kwenye nakala, ambazo watu huniahidi wataziweka "mwezi ujao". Kanuni inayotumika duniani, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, inataka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa Goma hilo la mahali pengine ndilo zito kuliko yote. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitema tena, lava ikasimama upande wa Buhene, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walijaa barabara ya Sake, wengine wakavuka Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mimi nilitoka na begi moja. Diski ya rekodi ilikuwa ndani na kompyuta ilibaki mezani. Wakati huo hakuna anayekaa kuchagua folda. Kama rekodi ziko kwenye diski yake, unachomoa na kuondoka.

Nakala yangu ya tatu inakaa Bukavu kwa dada yangu. Huenda kwa boti mkononi mwa mtu ninayemwamini, kisha ya zamani inarudi. Kupakia gigabaiti mia kadhaa kwenye intaneti kwa mega tunazonunua hakuwezekani kwa wengi wetu, ila mchanganyo wa mwisho ni mwepesi, huo upakie.

Kwa kunakili natumia FreeFileSync, ambayo ni ya bure. Angalia inapokuuliza njia. Mirror huifananisha diski ya pili na ya kwanza kabisa, maana yake ulichofuta huku kinafutwa na kule. Update huongeza vipya na vilivyobadilika bila kufuta. Kwa rekodi chagua Update. Kwa sababu hiyohiyo, diski mbili zilizofungwa pamoja kwa RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, hazihesabiki kuwa nakala: ukifuta kwa bahati mbaya zote mbili zimefuta. Diski ya mfumo nayo ipigie picha, yaani nakala kamili ya diski nzima, kwa programu ya Clonezilla ukishamaliza kuweka programu zote.

Kwa nakala za kukaa kabatini nunua HDD. SSD iliyokaa muda mrefu bila umeme inaweza kuanza kupoteza data. Ifunge kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kuhusu umeme: kompyuta ya mezani isirekodi bila UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Huhitaji ya saa nzima, dakika chache za kusimamisha, kuhifadhi na kuzima zinatosha. Diski ya nje yenye waya wake wa umeme nayo ichomeke humo. Laptopu ina betri yake, lakini laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa chaja tu iko hatarini kama ya mezani. Tengeneza betri kabla ya kununua maiki nyingine.

Mwisho, usiamini maandishi ya juu ya diski. Kuna flashi na diski za nje zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 na ndani zina sehemu ndogo tu. Zinapokea faili zako, kisha zinaandika mpya juu ya za zamani. Kabla ya kuweka wimbo wowote, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, uone kama inarudisha ilichopewa. Inachukua masaa, iache ifanye kazi usiku umeme ukiwepo. Zilizokwisha kutumika zitazame kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, kila mwezi. Mistari ya kutazama ni 05 (sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa) na C5 (sehemu zinazoshindwa kusomeka). C5 ikipanda kutoka sifuri na kuendelea kupanda, usirekodi tena humo na usijaribu kuitengeneza: nakili rekodi zote siku hiyohiyo, ukianza na kazi ambazo bado hazina nakala ya pili.